Mota, Betri na Tunda la Yago

Baba yangu alikuwa na maksai wawili wa kulima. Mmoja alikuwa mwekundu, mkubwa, mzito wa kutembea. Mwenzake wa kwanza alikufa kwa ugonjwa wa kupe, ndipo baba akanunua mwingine kwa Wakuria, mweusi mwenye baka jeupe chini ya shingo, mdogo, mkali. Wakuria wana ng'ombe wazuri, hilo hata mtu asiyewapenda atakubali. Basi akawafunga nira pamoja, yule mkubwa na yule mdogo. Mimi nilikuwa mbele nimeshika kamba, baba nyuma ameshika plau, na mtaro ukatoka umepinda. Tukageuza. Ukapinda tena.

Mama alikuwa anapita na maji kichwani. Akasimama akasema, "Mnalima ama mnachora nyoka?"

Baba alikuwa mtu wa kukaa kimya mpaka unasahau kwamba yupo. Akawasimamisha maksai, akaketi juu ya plau, akawaangalia kwa muda mrefu. Kisha akafungua ile pete ya mnyororo iliyokuwa katikati ya nira, akaisogeza kidogo upande wa yule mkubwa. Kidogo tu, upana wa kiganja. Mkubwa sasa akawa anabeba sehemu kubwa ya mzigo, mdogo akapata nafuu, na mtaro ukanyooka. Hakunieleza kitu. Alisema tu, "Twende," nikavuta kamba.

Sijui kwa nini naanzia hapo. Nilitaka kuanza na ndege. Lakini nikikaa kuandika, hao maksai ndio wanaotangulia, na mimi nimezoea kuwafuata. Hata shule niliacha kwa ajili yao. Nilisoma mpaka darasa la tatu, hilo silifichi. Mwalimu alikuwa akinichapa kwa kuchelewa, na nilichelewa kwa sababu ya maksai, kwa hiyo nikaona afadhali nibaki na maksai, wao hawachapi. Kusoma na kuandika nilikuja kujifunza vizuri nikiwa mkubwa, kutoka kwenye maboksi ya vipuri na Biblia ya mke wangu.

Baadaye nilikwenda Awendo kupakia miwa. Kazi ile inakula mgongo, na majani ya miwa yanakukata mpaka mikono inakuwa kama imepigwa grisi ya damu. Nikaona fundi mmoja pale karibu na stendi, ameketi kivulini, anazungushia waya wa shaba kwenye mota iliyoungua. Ameketi! Hicho ndicho nilichokipenda kwanza, kwamba ameketi. Nikaacha miwa nikakaa naye. Nikajifunza kufumua mota, kuhesabu mizunguko ya waya, kuisuka upya, kuipaka vanishi na kuikausha juani. Kutoka hapo nikaenda Masara kwenye machimbo ya dhahabu, maana kule mota zinaungua kila wiki. Wenye mashine za kusaga mawe wana haraka. Wanalisha mawe mengi kuliko mashine inavyoweza, mota inanguruma, wao wanafikiri inafanya kazi kwa bidii. Inaungua. Wananiletea. Mimi naishukuru haraka yao, ndiyo iliyonisomeshea watoto.

Sasa niko Suna, nina kibanda changu hapo Migori mjini, meza moja, kiti kimoja cha mteja na redio ambayo haizimwi. Na hapo ndipo ndege zilinikuta. Mwalimu wa fizikia wa shule moja ya sekondari alikuja na ndege ya povu jeupe, nyepesi kama mkate, imevunjika pua. Alitaka nimshikizie waya kwa risasi ya kuyeyusha kwa sababu mikono yake inatetemeka. Nikacheka. Nikamwuliza, "Mwalimu, na wewe bado unacheza?" Akasema, "Nacheza na wanafunzi wangu, mzee. Na wewe ukitaka kucheza, njoo Jumapili uwanjani." Nilikwenda. Nilitaka kuona itakavyoanguka. Haikuanguka. Ilipanda juu ya miti, ikageuka kule juu ya barabara, ikarudi ikitoa sauti kama nyuki. Nilisimama pale shingo ikaniuma.

Yule mwalimu ni mtu mpole, na anaelewa mambo yake. Alinieleza bila kunidharau. Mota hizi ndogo, aliniambia, zimeandikwa nambari kwenye tumbo. Nambari kubwa maana yake mota ina haraka: kwa kila volti unayoipa inazunguka mara nyingi sana. Hiyo inataka propela fupi. Nambari ndogo ni mota ya polepole, yenye nguvu za mkono, na hiyo unaipa propela ndefu. Ukiipa ile ya haraka propela ndefu, haitakataa. Hapo ndipo watu hukosea. Mtu ukimbebesha mzigo usio wake atakaa chini. Mota haikai chini. Itavuta stima kutoka kwenye betri, itavuta na kuvuta ili ifikie kasi yake, mpaka ijichome yenyewe au imchome yule mdhibiti, kile kibao kidogo cha umeme kinachokaa kati ya betri na mota. Nikafikiria Masara. Nikamwambia ninazijua hizo mota, zina mabwana wengi.

Ningeishia hapo, mambo ya Jumapili, mzee na mwalimu na povu. Lakini mwana wa dada yangu alipotea ziwani.

Dada yangu ameolewa Homa Bay, kando ya ziwa. Mume wake ni fundi wa mashua. Mimi na yeye tunaitana *ora*, ndivyo Wajaluo wanavyoitana shemeji kwa shemeji, na ukiniita ora unaruhusiwa kunitania hadi mwisho. Mwana wao, mvulana wao wa pekee, alikuwa kijana mkubwa mwenye ndevu, anakwenda visiwani kununua samaki na kuwaleta sokoni. Siku moja upepo ukawapindulia mashua. Wenzake wawili waliokotwa wakiwa wameshikilia jerikeni. Yeye hakuokotwa. Ziwa kwa kawaida humrudisha mtu baada ya siku chache, watu wa pwani ile wanajua, wanakaa tu wakingoja. Walingoja. Ziwa halikurudisha kitu.

Niliposikia nilikuwa nasuka mota. Nikaendelea kuisuka. Watu huuliza ulihisi nini. Sikuhisi kitu. Nilihesabu mizunguko mpaka mwisho, nikafunga waya, nikavua miwani, nikafunga kibanda. Ndivyo ilivyokuwa, na kusema kweli ndivyo ilivyo hadi leo, kama mguu ulioulalia.

Kwetu, mtu ambaye mwili wake haukupatikana hazikwi hivi hivi kwa maneno. Wazee wanachukua tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia kama mkono wa mtu, wanalivika nguo, wanalilaza kaburini, na huyo ndiye mtu. Watu wanalia, udongo unarudishwa, boma linafungua maisha. Kabla ya hapo mambo yamesimama. Wazee walisema wazi mbegu zisishuke shambani pale nyumbani mpaka kijana apate mahali pake. Wakampa shemeji yangu muda: mvua ikianza, yago itazikwa.

Nilikuwepo walipomwambia. Aliketi kwenye mbao zake, juu ya mashua aliyokuwa hajaimaliza.

"Siziki tunda," akasema.

Mzee mmoja wa ukoo wake, mtu mwenye sauti ya taratibu, akamwambia, "Mwanangu, yago tuliikuta. Hatukuanza na wewe."

"Yago ina kovu kwenye goti? Wangu ana kovu kwenye goti. Alianguka hapa hapa, juu ya patasi yangu."

"Hakuna aliyesema yago ni yeye."

"Basi mnazika nini?"

Na kanisani nako, maana wao ni Wasabato, mchungaji alisema atakuja kuiombea familia wakati wowote, lakini kusimama juu ya tunda asilazimishwe. Kwa hiyo ukoo ulikuwa na lao na kanisa lilikuwa na lao, na shemeji yangu akawa upande wake peke yake, anataka mwili.

Dada yangu ndiye niliyemwogopa. Alikuwa anachambua dagaa, hainui macho. Akaniambia, "Mimi nataka mahali pa kukaa. Nikitaka kulia nikalie wapi? Ziwani? Ziwa lote?" Akaendelea kuchambua. Hakuwa analia.

Niseme tu sasa, ili mtu asisome kwa wasiwasi: hilo kaburi lipo. Dada yangu ana kigoda chake pale, jioni anakaa. Lakini hayo yalikuja nyuma.

Baada ya kama wiki moja shemeji yangu alikuja Suna. Aliingia kibandani amebeba boksi jeupe la povu, yale ya kuwekea samaki na barafu. Kibanda kizima kikanuka sangara.

"Ora," akasema, "uliwahi kuniambia kuna mwalimu anarusha ndege."

"Za wanafunzi."

"Ndege ni ndege. Inabeba kamera?"

Nikamwuliza kwani vijana wanaopiga picha za harusi pale Homa Bay hawana zile za kununua, zenye propela nne. Akasema mmoja alikuja nayo, mtoto mzuri, akairusha mpaka mwanzo wa magugu maji akairudisha. Betri yake haikai, na aliogopa ikianguka kule mbele ataipata wapi. Na kule mbele ndiko shemeji yangu alikokutaka. Magugu maji yalikuwa yamefunika ghuba, kijani kama shamba, yamesongamana hadi kwenye mafunjo. Mashua haipiti, mtu hatembei juu yake. Chochote upepo ulichosukuma kimelala humo.

"Yenye mabawa inakwenda mbali zaidi kwa betri ile ile," nikamwambia, maana mwalimu alikuwa ameniambia hivyo. "Bawa ndilo linabeba. Mota inasukuma tu."

"Basi tutengeneze yenye mabawa. Povu hili hapa."

Ningeweza kumwambia arudi nyumbani akaizike yago. Niliangalia lile boksi. Nikamwambia afungue mlango wa nyuma, harufu itoke.

Tulitengeneza ndege ya kwanza kule kwake Homa Bay, kwenye karakana ya mashua, na nilikwenda na mfuko wa vifaa vyangu. Mabawa aliyachonga yeye. Huyo mtu ana mkono, povu lilikatika chini ya kisu chake kama siagi. Betri niliitengeneza mimi kwa vijibetri vya kompyuta ya mapajani iliyokufa. Nilivipima vyote vizima, nikavipanga, nikaona tumepata stima ya kutosha kwenda mpaka Mbita na kurudi. Tukaipeleka uwanjani. Ilikimbia kwenye nyasi, ikakimbia, ikakimbia, ikaingia kwenye ua wa jirani.

"Ora, hii ni ndege ama mkokoteni?" akaniuliza.

"Inapasha misuli."

"Basi iambie mechi imeisha."

Alicheka. Hiyo nataka niiandike, kwamba alicheka, kwa sababu siku zile za ndege kuharibika alicheka mara kadhaa. Tatizo lilikuwa betri zile ni nzito, halafu hazitoi stima kwa haraka. Ni kama tangi kubwa lenye mfereji mwembamba. Maji yamo, lakini ukiweka ndoo chini unangoja. Mota ya ndege haingoji.

Nikanunua betri inayofaa, ile laini kama sacheti ya maziwa, ya kutoa stima haraka, usipoitunza inafura. Na mota nyingine nikapata kwa kijana anayeuza vipuri vya simu pale Suna. Nambari yake ilikuwa kubwa, na mimi nikafikiri kubwa ndiyo nguvu, ingawa mwalimu alikuwa ameshanieleza. Nilikuwa nimesahau, ama nilikuwa sitaki kumsumbua. Propela iliyokuja nayo ilikuwa fupi, ya plastiki, kama kijiko cha mtoto.

Shemeji yangu aliishika kwa vidole viwili. "Hii ndiyo itabeba kamera kuvuka magugu?"

"Ndiyo iliyokuja nayo."

"Ora, mimi nimefunga propela za mashua miaka yote. Mashua ikiwa na mzigo unaipa jani pana. Lazima ishike."

Akachukua kipande cha mvule kilichobaki kwenye mbao za mashua, akaanza kuchonga. Nilimwangalia tu. Alichonga propela ya majani matatu, mapana, mazito, yaliyopinda vizuri kabisa. Akaipiga msasa, akaisawazisha juu ya msumari mpaka haikulala upande wowote. Ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote kilichowahi kuingia kwenye karakana ile. Ilikuwa propela ya maji. Akaifunga kwenye mota ya haraka, akaniambia, "Washa."

Nikawasha. Ilizunguka kwa uzito, na upepo ulitoka kweli, vumbi la mbao likaruka hadi dirishani. Yeye akanyoosha mikono akauhisi ule upepo, akafumba macho. Mimi nikasikia ile sauti. Mota inanguruma. Kabla sijafika kwenye rimoti harufu ilikuwa imeshatoka, harufu ya vanishi inayoungua, naijua kama harufu ya nyumbani kwangu. Moshi mwembamba ukatoka puani mwa ndege. Betri ilikuwa imefura kama chapati. Tuliitupa nje kwenye mchanga.

"Ilikuwa inashika," akasema.

"Ilikuwa inashika sana."

Akaitoa ile propela yake, akaigeuza geuza, haikuwa na alama hata moja. Akaitundika msumarini ukutani. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama mwili ukikaa kwenye magugu jua linaufikia ama hapana. Nikamwambia sijui. Kule kusini, upande wa milima, mawingu yalikuwa yameanza kupanda kila alasiri na kurudi bila kunyesha.

Nikamwendea mwalimu. Nikamweleza yote, hata mambo ya yago. Hakushangaa. Akaniambia, "Mzee, mlianzia mwisho. Usianze na mota. Anza na uzito." Akanieleza pole pole na mimi nikarudia mpaka akaona nimeshika. Kwanza unapima ndege yote, na kamera, na betri. Uzito ukiujua, unachagua propela ya kuuvuta, na propela zina mambo mawili, urefu na jinsi jani linavyouma hewa. Ndege ya haraka inataka jani linalouma sana. Ndege ya kwenda taratibu ikiangalia chini inataka jani refu linalouma kidogo. Propela ukiipata, ndiyo inakuchagulia mota. Na mota ndiyo inakuchagulia betri, ile inayoweza kutoa stima kwa kasi inayotakiwa bila kufura. Halafu betri ina uzito wake, kwa hiyo unarudi mwanzo unapima tena. "Unazunguka hivyo," akasema, "mpaka vinakubaliana." Akanipa mota moja ya nambari ndogo kutoka kwenye kabati lao, na propela ndefu nyembamba. Akasema wanafunzi walishamaliza nayo, hawataililia.

Kupima, shemeji yangu alileta mizani ya samaki, ile ya kuning'iniza yenye ndoano. Tukapima ndege. Kisha tukaifunga mizani kwenye nguzo ya karakana, mkia wa ndege tukaufunga kwenye ndoano kwa kamba ya nyavu, tukawasha ili ivute. Mshale ukasogea. Ilikuwa inavuta zaidi ya nusu ya uzito wake, na mwalimu alikuwa amesema hiyo inatosha kwa ndege ya kwenda pole. Tukaiacha izunguke kwa nguvu muda mfupi, tukazima, nikaweka kidole kwenye mota. Hicho ndicho kipimo changu, sina kingine. Ukiweza kuacha kidole hapo, mko sawa. Niliacha kidole. Shemeji yangu naye akaweka chake. Tukakaa hivyo, wazee wawili tumeshika mota kama tunaipima homa.

"Haina joto," akasema.

"Ina joto kidogo."

"Kidogo la kazi," akasema.

Mwalimu alikuja Homa Bay Jumapili akatufundisha kurusha. Mimi macho yangu hayafiki mbali, kwa hiyo rimoti ikawa ya shemeji yangu. Alijifunza haraka. Mwewe waliifuata ile ndege siku ya kwanza, nadhani kwa sababu ya harufu ya sangara kwenye povu. Mmoja aliipiga teke la kucha kwenye bawa. Watoto wa jirani walishangilia mwewe.

Basi ikaruka. Kila alasiri upepo ukitulia, ilipanda kutoka kwenye nyasi, ikavuka mashua zilizokwama, ikaingia juu ya ile kijani, ikaenda mpaka ikawa nukta, ikarudi. Kamera ilikuwa chini ya tumbo inaandika. Ikitua, tuliingia karakanani, tunaangalia kwenye simu, vichwa vimegusana. Magugu. Magugu na yangeyange weupe wamesimama juu yake. Mafunjo. Njia za viboko, zimepinda kama mitaro ya maksai wale. Kiboko mwenyewe siku moja, mgongo tu. Maji kidogo meusi kama mlango. Magugu.

Siku moja tuliona kitu cha manjano.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.

"Simamisha hapo."

Nikasimamisha. Kilikuwa kidogo kama punje ya mahindi, kimeegemea mafunjo. Alikiangalia muda mrefu. Shati la kijana lilikuwa la manjano, la timu fulani ya mpira. Kesho yake walikwenda vijana wawili wakikata magugu kwa panga mbele ya mtumbwi, kuanzia asubuhi. Walirudi jioni na jerikeni. Haikuwa hata ya mashua yao. Dada yangu aliichukua, akaiosha, akaiweka na zile zake za maji. Bado anaitumia.

Baada ya hiyo shemeji yangu alianza kuigawa ghuba kwa macho, kutoka mnara wa simu hadi kwenye kile kilima, vipande vipande kama shamba la kulima. Alasiri kipande kimoja, alasiri nyingine cha pili. Ndege haikusumbua tena. Mimi nilibaki sina kazi. Nilibeba mfuko wangu wa vifaa kila siku na kuurudisha haujafunguliwa. Nikimwuliza, "Ora, inasemaje?" anajibu, "Iko sawa." Kutaniana kulikwisha. Ningetamani iharibike kidogo, nipate cha kushika. Haikuharibika. Betri ilirudi ikiwa na stima iliyobaki, mota ikiwa na joto la kazi.

Halafu kukabaki kipande kimoja tu, kule mwisho chini ya kilima. Siku hiyo mawingu hayakurudi nyuma. Yalipanda na kukaa. Wazee walikuwa wameshakata tunda, nililiona nilipopita, limelazwa kivulini nyuma ya nyumba juu ya gunia, dada yangu ameketi karibu nalo. Alikuwa ameshika shati la mwanawe, lile jingine, la bluu. Aliniuliza, "Leo inamalizika?" Nikasema leo inamalizika. Akasema, "Sawa," akalikunja shati tena.

Shemeji yangu akairusha. Upepo wa mvua ulikuwa unaanza, nikadhani itamshinda, lakini ndege ile iliutafuna tu taratibu. Ilikwenda mpaka chini ya kilima, ikageuka pale, ikapita tena, ikapita mara ya tatu. Ikarudi. Aliitua kwenye nyasi vizuri kuliko siku zote, haikudunda hata mara moja. Tukachukua ile kadi ya kamera tukaangalia pale pale nje, amekinga simu kwa kofia. Magugu. Yangeyange. Mafunjo yanalala kwa upepo. Maji. Aliangalia mpaka mwisho, mpaka nyasi zetu wenyewe zikatokea, na miguu yetu.

Tone la kwanza likaanguka kwenye kioo cha simu. Akalifuta kwa kidole gumba, akanipa simu.

Akainama, akaweka kidole kwenye mota. Akakiacha hapo.

"Imekaa sawa, ora," akasema.

"Imekaa sawa."

Akaiinua ile ndege, akaiweka chini ya ukingo wa paa la karakana isilowe, na rimoti kando yake. Akavaa kofia. Akapita mbele ya mashua aliyokuwa hajaimaliza, akaigusa ubavu kidogo alivyozoea kuigusa, akashika njia inayokwenda barabarani. Nilimwita, "Ora, chai imeiva huku!" Akainua mkono bila kugeuka. Nilidhani anakwenda kukojoa, ama kwenda kuwaambia wazee wachukue tunda lao. Nikaketi kwenye mbao nikamngoja, mvua ikawa inapiga mabati. Hadi leo hajarudi.